Kuondoa mikwaruzo kwenye kioo cha mashine ya gemu ya zamani

Kabati la gemu la sarafu la mwanzoni mwa miaka ya 1980 limepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Limekaa baa, limegongwa kwa pete na chupa, limefutwa kwa vitambaa vyenye mchanga, kisha likasukumwa bohari na vitu vingine vikaegemezwa juu ya kioo chake. Unalisafisha, unaliwasha, linawaka, na hapo hapo jicho linakwenda kwenye mstari mweupe unaokatiza picha katikati.

Mstari huo mara nyingi unaondoka. Nimeondoa mingi, kwanza kwenye TV za chogo na baadaye kwenye makabati, na kazi ni ileile kwa sababu kioo ni kilekile. Ila tyubu hizi, yaani chombo kizito cha kioo kinachotoa picha, hazipatikani mpya. Viwanda vikubwa vilivyozitengeneza vilishafungwa, na ukiiharibu uliyonayo utabaki kutafuta nyingine kwenye TV iliyokufa. Soma mpaka mwisho kabla hujashika drili.

Ujue kwanza mkwaruzo uko wapi

Makabati mengi yana kioo cha pili mbele ya tyubu, cha kuilinda na kuficha kingo zake, na mara nyingi kimetiwa rangi ya moshi. Watu hugusa hicho, kwa hiyo mikwaruzo mingi iko hapo. Kitoe. Kama tyubu iliyo nyuma yake ni safi, kazi yako imekuwa nyepesi sana.

Kigonge kwa kucha. Kioo halisi kinalia "ting", plastiki ya akriliki inatoa sauti butu kama ya ndoo. Tofauti hii ni kubwa, maana akriliki ni laini na hung'arishwa kwa dawa za plastiki, zile wanazotumia kusafishia taa za mbele za magari, kwa mkono na kitambaa laini. Dawa hizo hazifanyi kitu kwenye kioo. Dawa ya meno nayo hivyo hivyo: chokaa iliyomo ni laini kuliko kioo, na unaweza kusugua hadi kesho mkwaruzo usijue kama umeguswa.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na mikwaruzo. Gemu ya Pac-Man ya mwaka 1980 ilikuwa ikionyesha njia zilezile saa zote za siku, mwaka baada ya mwaka. Unga unaong'aa ndani ya tyubu, yaani fosfa, ulichoka mahali palipochorwa njia hizo, na leo unaziona hata mashine ikiwa imezimwa. Alama hiyo iko ndani, nyuma ya kioo chenye unene wa zaidi ya sentimita moja. Hakuna unga wala msasa utakaoifikia. Ili kuitambua, sogeza kichwa kushoto na kulia huku umemulika tochi: mkwaruzo wa juu unameta na kuzima, ila alama ya fosfa hukaa palepale bila kumeta.

Angalia pia mwanga wa taa unaorudi kutoka kwenye kioo. Ukirudi mweupe, kioo ni kitupu na unaweza kuendelea. Ukirudi wenye zambarau au kijani, kuna utando wa kuzuia mng'ao, na ukisugua utautoa wote na kuacha doa baya kuliko mkwaruzo wenyewe. Tyubu za makabati ya zamani kwa kawaida hazina utando huo. Monita za kompyuta za miaka ya baadaye ndizo unazo, na wapo watu waliozihamishia kwenye makabati.

Kucha ndiyo kipimo

Osha kioo kwa maji ya sabuni, kikaushe, ukifute kwa spiriti. Utandu wa moshi wa sigara ukitoka, nusu ya ulichodhani ni mikwaruzo utakuta ni uchafu. Gundi iliyokauka na matone ya rangi yatoe kwa wembe mpya ulioulaza, kioo kikiwa kimelowa.

Sasa pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukiukatiza, usiende nao. Ukucha ukipita kama hakuna kitu, mkwaruzo huo utaondoka kwa unga peke yake. Ukihisi kaguso kadogo, unga bado utaweza, ila jiandae kukaa saa nyingi. Ukucha ukinasa, hicho ni kina kingine, na nitakieleza baadaye.

Fundi aliyenifundisha TV alikuwa na desturi ya kunifumbisha macho nipitishe ukucha kioo kizima kabla ya kuniruhusu niwashe tochi. "Kijana, jicho linatishika," aliniambia. "Kidole hakitishiki." Mpaka leo nafanya hivyo, kwa sababu kweli mkwaruzo mpana mweupe unaotisha mara nyingi ni wa juujuu, na ule mwembamba kama unywele ndio uliozama.

Ukikuta ufa, au kishimo kilichobanduka chenye umbo la gome la chaza, acha. Ndani ya tyubu ni ombwe, na hewa ya nje inasukuma kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi. Kwenye uso wa inchi 19 hiyo ni zaidi ya tani moja, usiku na mchana. Kioo kizima kinaubeba mzigo huo bila shida, ila chenye ufa hakistahili kusuguliwa na mashine.

Jaribio la mwisho ni la kuamua kama kazi yenyewe inafaa. Rudisha kioo cha mbele, washa mashine, cheza nusu saa katika mwanga wa kawaida wa chumba. Mikwaruzo mingi midogo hupotea picha inapowaka. Usiyoiona ukicheza, iache. Kila unachokisugua ni kioo kinachopungua, na mimi siondoi kioo bila sababu.

Umeme uliobaki ndani

Zima, chomoa waya ukutani, kisha elewa kwamba bado hujamaliza. Tyubu ya rangi hufanya kazi kwa volti 20,000 na zaidi, na kioo chake chenyewe hutunza chaji kama kapasita. Kuna kikombe cha mpira ubavuni mwa tyubu chenye waya mnene mwekundu. Chini yake ndipo chaji ilipo.

Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini mzuri wa plastiki. Funga waya wenye vibanio pande zote mbili: upande mmoja kwenye chuma cha bisibisi, upande wa pili kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu. Mkono mmoja uweke mfukoni au nyuma ya mgongo. Kwa mkono mwingine penyeza bisibisi chini ya mpira mpaka iguse chuma. Unaweza kusikia "pa!", na unaweza usisikie kitu. Subiri dakika kumi, rudia, kwa sababu chaji hujikusanya upya baada ya kutolewa mara ya kwanza. Kama hujawahi kufanya hili, muite fundi wa TV mwenye umri, akufanyie huku unaangalia. Kwake ni kazi nyepesi.

Toa monita pamoja na fremu yake. Usitenganishe tyubu na koili iliyozunguka shingo yake, na zile pete ndogo shingoni usizizungushe hata kidogo. Ndizo zinazopanga rangi tatu zikutane. Shingo ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Ikigongwa, hewa inaingia na tyubu imekufa. Mkanda wa chuma uliobana ukingo wa kioo nao usiuguse, ndio unaokizuia kisipasuke kwa nguvu.

Mimi hulaza monita uso juu, masikio ya fremu yakiwa yamekaa juu ya meza mbili zilizoachana, shingo ikining'inia katikati bila kugusa kitu. Kisha nafunika kila kitu isipokuwa kioo: plastiki nene kuzunguka, masking tepu ukingoni mwa kioo, na tabaka la pili la tepu juu ya la kwanza. Tope la unga likipenya hadi kwenye bodi ya umeme litakusumbua miezi.

Vifaa

Kitu kikuu ni unga wa oksidi ya seriamu. Huuzwa wa waridi, wa kahawia au mweupe, na wanaong'arisha vioo vya mbele vya magari wanaujua. Ukiwa Arusha, waulize wakata vito, maana unga huo hutumika kung'arishia mawe ya jamii ya kwatzi. Robo kilo inakutosha tyubu kadhaa. Unga huu haukwangui kioo kama msasa unavyofanya. Maji hulainisha ngozi ya juu kabisa ya kioo, na chembe za seriamu hushikana nayo na kuibandua kidogo kidogo. Ndiyo maana bila maji haufanyi kazi vizuri, na ndiyo maana kioo kinatoka kiking'aa.

Utahitaji pia pedi za felti ngumu za upana wa sentimita saba hivi na drili ya kawaida inayoongozwa mwendo kwa kidole. Usitumie grainda. Inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na wewe unataka kati ya 1,000 na 1,500. Tafuta chupa ya kupulizia maji, bakuli la plastiki, brashi ndogo ya rangi, vitambaa laini vya pamba, tochi, miwani ya kazi na barakoa. Unga mkavu usiuvute. Mwaga maji ndani ya bakuli kwanza, kisha unga, ili usiruke.

Bakuli, brashi na pedi viwe visafi kabisa. Punje moja ya mchanga chini ya pedi itakuchorea mduara mpya kila sekunde. Mimi huchuja mchanganyiko kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni, hata unga ukiwa mpya kutoka kwenye kopo.

Kazi yenyewe

Changanya kijiko kimoja cha unga kwa viwili vya maji hadi upate uji mwepesi, ule wa kunywa kwa kikombe. Unga hutulia chini haraka, kwa hiyo koroga kila unapochovya brashi.

Huwezi kuchora alama nyuma ya kioo kama wanavyofanya kwenye magari, kwa hiyo weka vipande vidogo vya tepu nje ya eneo, viwili viwili, vikielekezana kama mishale: mkwaruzo uko kwenye mstari unaoviunganisha. Bila hivyo, tope likishaenea hutajua ulipo.

Lowesha pedi kwanza mpaka inywe maji. Paka uji juu ya mkwaruzo na upana wa kiganja kuuzunguka. Weka pedi kiooni kabla ya kuwasha drili, vinginevyo tope litaruka hadi darini. Anza polepole. Laza pedi yote. Ukiinamisha upande mmoja utachimba. Kandamiza kiasi cha kuhisi drili inafanya kazi, isilemewe. Kisha tembea. Pedi isisimame mahali pamoja: nenda kushoto kulia, kisha juu chini, ukivuka mkwaruzo na kurudi, na kila mzunguko umalizie nje kidogo ya ule uliopita.

Hapa pana kitu ambacho maneno yanakieleza kwa shida, lakini nitajaribu. Mwanzoni uji ni mwingi na pedi inateleza kwa sauti ya "shwaa" kama brashi ya viatu. Katika hali hii inang'arisha kidogo tu. Baada ya dakika moja hivi maji yanapungua, tope linageuka utando mwembamba wenye rangi ya chai ya maziwa, na pedi inaanza kukamata. Unaihisi mkononi, kama kitu kimeshikilia kwa chini. Hapo ndipo kioo kinapoondoka, na hapo ndipo pa kukaa. Sekunde chache baadaye kingo za utando zinapauka kuwa unga na sauti inapanda kuelekea mlio wa kukwaruza. Puliza maji mara moja au mbili, uirudishe kwenye kukamata. Kazi nzima ni kuliweka tope katikati ya hali hizo mbili, na mkono ukishaijua hali hiyo hauisahau.

Likikauka na ukaendelea kusugua, kioo kinapata moto. Joto la upande mmoja kwenye kioo kinene ndilo linalokipasua. Kila dakika mbili simamisha drili na weka kiganja mahali pale. Vuguvugu si neno. Ukitaka kuondoa mkono, pumzika dakika kumi kioo kipoe chenyewe. Usikimwagie maji baridi. Na usianze kazi mashine ikiwa imetoka kuzimwa.

Baada ya dakika 15 futa kila kitu, kausha, mulika tochi kwa ubavu. Mkwaruzo wa juujuu huwa umefifia tayari: ukingo wake mkali umelainika na umeanza kukatika vipande vipande. Rudia. Mkwaruzo ambao ukucha hauuhisi huchukua nusu saa hadi saa moja kwa eneo la kiganja. Ule wa kaguso kadogo unaweza kukula mchana wote, na ni sawa kuugawa siku mbili.

Usifanye kosa nililofanya mimi kwenye TV moja ya inchi 21. Niliona mstari unakaribia kuisha, nikakomaa juu yake tu, pedi ikiwa imeinama kidogo ili niumalize upesi. Uliisha. Nilipowasha, maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya skrini yalikuwa yakipinda kila yanapofika pale, kama yanatazamwa kupitia maji. Nilikuwa nimechimba bonde, na bonde halirudi. Kioo cha tyubu kimebinuka tayari na picha iko karibu sana nyuma yake, ndiyo maana kinavumilia kuliko kioo cha gari, lakini kinavumilia bonde pana na la taratibu. Jembamba lazima lionekane.

Ukucha ukinasa

Ushauri wangu wa kwanza ni kutogusa sehemu ya kina. Ng'arisha kingo zake kwa seriamu. Weupe unaouona unatokana na kingo zilizochakaa kuliko kina chenyewe, na zikishalainika mkwaruzo hubaki uzi ambao ukicheza huuoni. Nyuma ya kioo chenye rangi ya moshi, unapotea kabisa.

Ukiamua kuuondoa wote, utapitia msasa wa maji. Anza na namba 1,000, kisha 1,500, 2,000, na 3,000 (namba ikipanda msasa ni laini zaidi), kwa mkono, juu ya kipande cha mpira, maji yakiwa mengi na tone la sabuni. Kila hatua sugua upande unaokatiza ule wa hatua iliyopita, na usiendelee mpaka alama za hatua iliyopita ziishe zote. Panua eneo kila hatua kwa upana wa vidole viwili. Kioo kitageuka cheupe kama cha dirisha la bafuni, na moyo utashtuka. Seriamu itakirudisha, ila hesabu saa kadhaa, kwa sababu msasa huacha nyufa ndogo sana chini ya ngozi ya kioo na zote zinabidi kuondolewa. Alama ya 1,000 uliyoiruka itajitokeza mwishoni, kioo kikiwa kinang'aa kila mahali isipokuwa hapo, na utarudi nyuma hatua zote. Pia usisogee karibu na ukingo wenye mkanda wa chuma. Pembeni acha kama palivyo.

Kurudisha

Futa tope lote kwa maji na sponji kabla ya kubandua tepu, kisha bandua ukivuta kuelekea nje. Seriamu iliyokauka pembeni itoe kwa mswaki laini. Maliza kwa spiriti. Acha monita usiku mzima ikauke, hata kama unaona imekauka.

Ukiwasha na kuona madoa ya rangi, zambarau huku na kijani kule, usidhani umeua tyubu. Mota ya drili ina sumaku, na nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu madogo linalopokea usumaku huo. Monita nyingi huuondoa zenyewe zinapowashwa zikiwa baridi, kwa hiyo zima, subiri nusu saa, washa tena. Madoa yakibaki, fundi wa TV ana koili ya kuondoa usumaku. Huizungusha mbele ya kioo huku akirudi nyuma taratibu mpaka mita mbili hivi, ndipo anaizima.

Fungua ukurasa wa majaribio wa gemu, ule wenye mistari ya kukatana. Fuata mistari kwa jicho kupita mahali ulipong'arisha, kutoka mbele na kisha kutoka ubavuni. Ikinyooka, rudisha kioo cha mbele.

Uji wa seriamu uliobaki mimina kwenye chupa yenye kifuniko na uandike jina juu yake. Hauharibiki. Utatulia chini kama udongo, na siku ya tyubu nyingine utaongeza maji, utatikisa, na kuuchuja tena kwa soksi.